Meza, Mkono na Maji: Kuendesha Kazi Kadhaa za Uzi Nyumbani

Fungua kabati la mtu anayeshona, anayefuma na anayedarizi kwake, na mara nyingi utakuta kazi nne au tano zilizoanzwa na hazijaisha. Katika fleti za Ghala, upande wa Muscat ambako nyumba za kuishi zimepakana na magereji na bohari za eneo la viwanda, Mswahili wa Oman atazitambua kazi hizo moja moja: doti ya kanga inayongoja kukatwa na kupindwa, kofia ya mkono yenye vitobo upande mmoja tu, abaya inayotaka kufupishwa, kitambaa cha meza cha kroshia kilichosimama katikati, na sufu iliyonunuliwa kwa ajili ya mjukuu aliye Uingereza. Mwenye kabati hujiona mvivu, au mtu asiye na subira. Hukumu hiyo haimtendei haki, na tena haimsaidii, kwa sababu haimwoneshi pa kuanzia. Kazi nyingi zinaweza kwenda pamoja bila tabu. Hukwama pale mbili au tatu zinapodai kitu kimoja kwa wakati mmoja: meza ile ile, mwanga ule ule wa asubuhi, saa ile ile ya utulivu. Ukizipanga kwa kile zinachodai, unaweza kuwa na kushona, kufuma, kroshia na felti katika msimu mmoja, na zote zikafika mwisho.

Ushahidi wa kwanza wanaume wa Oman huuvaa kichwani kila siku. Kofia ya kushonwa kwa mkono, ambayo kwa Kiarabu cha huku huitwa kumma na ambayo ina undugu wa karibu na kofia za Unguja na Lamu, ni mfululizo wa kazi kadhaa. Hukatwa duara la juu na ukanda wa pembeni, nakshi huchorwa, kisha vitobo hutobolewa kimoja kimoja na ukingo wa kila kimoja huzungushiwa uzi. Mwisho vipande huunganishwa, kofia hufuliwa, hunyooshwa na kupigwa pasi. Ushonaji wa nakshi peke yake huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, ndiyo maana kofia nzuri ya mkono huuzwa kwa makumi ya riali. Hata hivyo wanawake walioshona kofia hizi, huku Oman na kule pwani ya Afrika Mashariki, hawakuwa na miezi mitupu ya kukaa na sindano. Walipika, walilea, walipokea wageni, walikwenda misibani na harusini. Waliweza kwa sababu hatua ndefu ya kofia inataka sindano, uzi na mwanga tu, inaingia ndani ya mkoba, na unaweza kuiweka chini mwisho wa kitobo chochote bila kupoteza kitu. Kuchora nakshi ni kinyume chake: kunataka meza, rula na muda usiokatizwa, maana mstari mmoja ukienda upande, nakshi haikutani mzunguko unapofunga. Na ikishakamilika, kofia inataka maji na kukauka. Kazi moja, madai matatu tofauti.

Milimani mgawanyo huo unaonekana wazi zaidi. Katika vijiji vya Jabal Shams, kwa desturi wanawake husokota sufu na nywele za mbuzi, na wanaume hufuma mazulia. Kusokota kwa kijiti cha mkono humfuata mtu aendako, ilhali kitanda cha kufumia kimetandazwa chini mahali pamoja na hakihami mpaka zulia liishe. Karibu zaidi na Ghala, kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos uliofunguliwa mwaka 2001, zulia la ukumbi mkuu wa sala lina ukubwa wa mita za mraba 4,343, mafundo bilioni 1.7 na uzito wa tani 21. Lilifumwa Iran kwa miaka 4 na wanawake wapatao 600 wa Khorasan, kwa vipande 58 vilivyokuja kuunganishwa baadaye. Kazi ya ukubwa huo ilimalizika kwa sababu iligawanywa mpaka kila kipande kikatosha mbele ya mikono iliyokuwapo, na kuunganisha kukawekwa kuwa hatua ya peke yake. Mtu anayefuma blanketi sebuleni kwake anaweza kuchukua somo hilo hilo, kama tutakavyoona tukifika kwenye majira.

Hesabu ya foleni

Kabla ya kupanga, ni vyema kujua gharama ya kabati lililojaa. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, John Little, alithibitisha kanuni ya foleni inayotumika leo hospitalini, bandarini na viwandani: kwa wastani, idadi ya vitu vilivyo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia na kutoka kwake, mara muda ambao kila kimoja hukaa humo. Ilete nyumbani. Kama kwa kawaida unamaliza kazi moja kwa mwezi, na kabatini zimo kazi 12 zinazoendelea, basi kila kazi itakaa humo mwaka mzima kwa wastani. Zikiwa 3, itakaa miezi mitatu. Kasi ya mikono ni ile ile katika hali zote mbili. Kilichobadilika ni muda ambao kanzu ya mtoto inalala kabatini, na mtoto hangoji, anakua. Hii ndiyo sababu kushona kwa bidii zaidi hakutoshi kumwokoa mtu mwenye kazi nyingi mno. Anaongeza mwendo kidogo, foleni inabaki ndefu.

Msomaji makini atasema: kama ni hivyo, dawa ni kuwa na kazi moja tu. Kanuni ya Little haisemi hivyo, kwa sababu kasi yenyewe inategemea aina ya kazi ulizonazo. Mwenye kazi moja ya cherehani hawezi kuifanya saa tano usiku katika fleti ambayo jirani amelala nyuma ya ukuta, wala ndani ya gari akimsubiri mtoto atoke chuoni. Saa hizo zinapotea. Mwenye kazi moja ya vitobo hawezi kuifanya jioni taa ikiwa hafifu. Saa hizo nazo zinapotea. Ukiongeza kazi ya pili inayotumia saa ambazo ya kwanza haiwezi kuzitumia, unamaliza vitu vingi zaidi kwa mwezi. Ukiongeza ya pili inayotaka saa zile zile, hukuongeza chochote isipokuwa foleni. Hoja yote ya mwongozo huu iko hapo: kazi ya ziada ina faida pale tu inapoishi kwenye wakati ambao nyingine imeuacha wazi.

Mahali patatu

Kwa hiyo gawa kazi zako katika mahali patatu, kila mahali na kazi moja. Mahali pa kwanza ni meza. Hapa huingia yote yanayotaka nafasi tambarare na akili iliyotulia: kuchora, kupima, kukata, kupanga pini, kushona kwa cherehani, kupiga pasi mishono. Katika fleti nyingi meza hiyo ndiyo ya kulia chakula, na hilo ndilo linalofanya kazi za meza kuwa ghali, kwani kila kikao kina dakika za kutandaza mwanzoni na dakika za kukusanya mwishoni. Kazi mbili za meza zikienda sambamba, gharama hiyo inalipwa mara mbili, na vipande vya kanzu vinaanza kuchanganyika na vya gauni. Weka moja. Iliyokatwa na haijashonwa ifungwe kwenye mfuko wake pamoja na uzi, zipu na vifungo vyake, ili siku ikipata zamu usianze kwa kutafuta.

Mahali pa pili ni mkono, na hapa pekee ndipo ninaporuhusu kazi mbili, kwa sharti kwamba moja iwe ya macho na nyingine ya mazungumzo. Vitobo vya kofia, darizi za shingo ya gauni, au kufuma kwa sindano mbili nakshi inayohesabiwa safu kwa safu ni kazi za macho. Zinataka mwanga wa mchana, na Muscat, ambayo ina jua la kutosha mwaka mzima, humnyima mtu mwanga huo ndani ya nyumba, kwa sababu kuanzia Mei mapazia hufungwa kuzuia joto. Mwanga unaofaa ni wa asubuhi mapema, tangu jua lipande hadi saa mbili au saa tatu, kabla dirisha halijawa tanuri. Kroshia ya mraba unaojirudia, au skafu ya kufuma safu moja moja bila nakshi, ni kazi za mazungumzo: vidole vinajua njia, na unaweza kumsikiliza mgeni, kumimina kahawa, na kurudi palepale ulipoachia. Usizibadilishie nafasi. Anayechukua kofia barazani wakati wa mazungumzo atahesabu vibaya na kufumua kesho yake. Anayetumia mwanga mzuri wa asubuhi kwa kroshia rahisi ameutupa.

Mahali pa tatu ni maji, na watu wengi hawapahesabu kuwa mahali hata kidogo. Humo huingia kufua kitambaa cha pamba kabla ya kukikata ili kirudi mapema na si baada ya kushonwa, kutia kanji vitambaa vya kroshia na kuvinyoosha kwa pini, kuikausha kofia juu ya umbo lake, na kutengeneza felti. Uzuri wa maji ni kwamba hufanya kazi bila wewe. Dakika thelathini za mikono, kisha siku nzima ya kukauka ambayo haikudai chochote. Ndiyo maana kazi ya maji haishindani na nyingine, na nyumba isiyokuwa na kazi ya maji inaacha nafasi ya bure.

Felti na bomba la Muscat

Felti inastahili kuelezwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo isiyozoeleka sana na ndiyo isiyosamehe. Unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo. Maji ya moto na sabuni huyalegeza na kuyafungua, msuguano huzisogeza nywele zikaingiliana, na zikishashikana hazirudi tena. Kinachobaki ni kitambaa kizito kisichofumuka hata ukikikata kwa mkasi. Njia nyepesi kwa mfumaji ni kufuma kitu kwa ulegevu na kwa ukubwa uliozidi, tuseme ndara au mfuko, kisha kukitia ndani ya foronya iliyofungwa na kukiosha kwenye mashine kwa nyuzijoto 60 pamoja na jinzi kuukuu za kukisugua. Fuma kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10, kioshe hivyo hivyo na ukipime, kwa kuwa kwa kawaida urefu hupungua zaidi ya upana, na kila sufu hupungua kwa namna yake. Akriliki haitageuka felti kamwe, wala sufu iliyotibiwa kiwandani ili ifulike kwa mashine. Soma lebo kabla ya kununua.

Hapa Muscat ina jambo lake. Majira ya joto, tangi lililo juu ya paa hupigwa na jua mchana kutwa, na bomba la maji baridi hutoa maji ya moto. Wenyeji huzima hita ya bafuni na kuyatumia maji yaliyotulia ndani yake kuwa ndiyo ya baridi. Kwa anayefanya felti kwa mkono kwenye beseni, Julai inampa maji ya moto bila umeme: bomba moja kwa kusugua, bomba la hita iliyozimwa kwa kusuuza. Kwa mwenye fulana ya sufu aliyotaka kuifua tu, bomba hilo hilo ni mtego, kwani akiisugua kwa sabuni chini ya maji aliyodhani ni baridi atatoka na fulana ya mwanasesere. Gusa maji kwanza. Na ukiisha kusuuza, usianike sufu wala kofia kwenye jua la paa. Jua la huku hukausha haraka, lakini hufifisha rangi, na siku ya upepo vumbi la barabara na la magereji hutua juu ya kitambaa cheupe kingali kibichi. Kivuli chenye hewa, ndani ya nyumba, kinatosha.

Hatua fupi pamoja, hatua ndefu mbalimbali

Baada ya kugawa mahali, ipo kanuni ya pili inayoonekana kupingana na ya kwanza. Nimesema usiwe na kazi mbili za meza. Lakini ziko hatua za meza ambazo ni fupi, na ambazo matayarisho yake ni marefu kuliko zenyewe: kukata, kupinda kanga, kupiga pasi. Hizo zikusanye. Ukishatandaza na mkasi umetoka, kata kanzu, gauni na foronya siku hiyo hiyo, kila kimoja kiingie mfuko wake, halafu funga meza. Ukishatia uzi mweusi kwenye cherehani, maliza kila kilicho cheusi, kuanzia pindo la abaya hadi kiraka cha sare ya shule, kabla hujabadili bobini. Fanya hivyo pia kwa sindano za cherehani, kwani sindano namba 70 ya kitambaa chepesi na namba 90 ya jinzi hazibadilishani, na kuzibadilisha kila baada ya mshono mmoja ni njia ya kuchoka bila kushona. Jumamosi asubuhi, katika nchi ambayo tangu 2013 mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, ni kikao kizuri cha kukata. Hatua ndefu, zile za siku na wiki, ndizo zisikutane mahali pamoja. Fupi huisha kabla hazijajipanga foleni, na ndefu ndizo zinazoitengeneza foleni.

Kanuni ya tatu ni karatasi. Kila mfuko wa kazi uwe na karatasi ndogo yenye mambo manne: uliishia wapi, sindano au kroshia ya ukubwa gani, hatua inayofuata ni ipi, na kazi inatakiwa lini. Faida moja inajulikana, nayo ni kutohesabu upya safu. Ya pili ni ya akili. Mwaka 2011 wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walichapisha majaribio yaliyoonesha kwamba jambo lisilomalizika humsumbua mtu anapofanya jambo jingine, na kwamba usumbufu huo hupungua akishaweka mpango mahususi wa kulimaliza, hata kama bado hajaligusa. Mwenye kazi nne kichwani mwake anazibeba zote nne kila anaposhika moja. Akiziandika hatua zinazofuata, anaweza kushika moja kwa nafsi iliyotulia. Andika hatua, usiandike matumaini: "shona bega la kushoto" ni mpango, "maliza gauni" si mpango. Na ukiazima sindano ya kufumia kutoka kazi moja kuipeleka nyingine, andika namba yake kabla haijatoka, ama sivyo utarudi baada ya mwezi na kufuma nusu ya pili ikiwa pana kuliko ya kwanza.

Majira na Idi

Mpango wa nyumba ya Muscat una saa mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti: joto, linalofuata jua, na Idi, inayofuata mwezi. Idi husogea mapema kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo mpango uliofaa miaka mitano iliyopita haukufai tena. Ramadhani iliyokuwa ya joto inaingia baridini, na mwanga na jioni zake hubadilika. Kisichobadilika ni kwamba mafundi wa mtaa wa Ruwi na kwingineko hujaa kazi kabla ya Idi na hufika mahali wakakataa kupokea nyingine. Ukitegemea fundi kwa sehemu yoyote ya kazi, hesabu kurudi nyuma. Kukata na kushona kwa cherehani kuishe Shaabani. Ramadhani ibaki na kazi za mkono: vifungo, pindo, furakha (kishada cha shingoni) ya dishdasha, lasi ya ukingo. Wafanyakazi Waislamu hupunguziwa saa za kazi mwezi huo, lakini saa zinazopatikana alasiri ni za mwili wenye kiu, na mkasi katika saa hiyo hukata pasipofaa. Kroshia ya mazungumzo ndiyo saizi yake.

Sufu nayo ina mahali pake hata katika nchi ya joto. Wenye jamaa Uingereza au Kanada wanajua inakokwenda, na Oman yenyewe ina baridi: uwanda wa Saiq kwenye Jabal Akhdar uko kama mita 2,000 juu ya bahari, na usiku wa Januari huko hukaribia sifuri. Tatizo ni kwamba kinachovaliwa Januari hufumwa Agosti, wakati hakuna anayetaka blanketi mapajani, hata kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Hapa rudi kwenye vipande 58 vya zulia la msikiti. Fuma miraba midogo majira ya joto, kila mmoja ukitosha kiganjani, na uache kuunganisha kwa Desemba, mwili unapolitamani lile joto. Ukifunga nyumba kusafiri likizo, kiyoyozi kikizimwa unyevu wa miezi hiyo huleta ukungu, na nondo hupenda sufu iliyokaa kimya. Fua kabla ya kuhifadhi, kausha kabisa, funga kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Sufu unayoitilia shaka iweke kwenye friza kwa wiki mbili ndani ya mfuko uliofungwa.

Pingamizi

Wazee watasema mshika mawili moja humponyoka, na hawakukosea. Lakini tazama linapoponyoka: ni pale mtu anapotaka yote mawili kwa mkono mmoja, saa moja. Utaratibu huu hautaki hivyo. Katika saa yoyote unashika moja, na uchaguzi wa ipi umeshafanywa na mahali ulipo na mwanga uliopo. Methali inakataza kugawa mkono, na mgawanyo wa meza, mkono na maji unaulinda mkono usigawanywe.

Wapo watakaosema kwamba raha ya kazi za uzi iko kwenye kuanza, na kwamba anayeiwekea mipaka anageuza burudani kuwa ofisi. Pingamizi hili ni zito, kwa sababu hakuna aliyelazimishwa kufuma. Jibu langu ni kuipa hamu hiyo ya kuanza mlango wake: sampuli. Uzi mpya, nakshi mpya, ufundi uliouona kwa jirani, ufanyie kipande kidogo kinachoisha jioni hiyo hiyo. Kikikupendeza, kinaingia kwenye orodha ya kungojea zamu. Kisipokupendeza, umejua kwa gharama ya jioni moja badala ya miezi sita kabatini. Sampuli hailali, kwa hiyo haiongezi foleni.

Anayeshona kwa kuuza ana shida tofauti, kwani wateja hawaji kwa mpangilio wa meza na maji. Huyo atumie kanuni ya Little kwa kutoa ahadi. Kama una kofia 4 mbele ya mteja mpya na unamaliza moja kwa wiki sita, mwambie wiki thelathini, usimwambie mwezi ujao inshallah. Atakayekubali muda huo atangoja kwa amani, na atakayekataa amekuokoa na ugomvi. Halafu yuko anayeuliza kwa nini ujisumbue ilhali kofia ya mashine inauzwa kwa bei ndogo sokoni. Mkubalie nusu. Nunua ya mashine kwa kuvaa kila siku, na saa zako za macho zitumie kwa ile ya Idi au ya bwana harusi, ambayo tofauti ya mkono itaonekana. Kuchagua kisichostahili kushonwa kwa mkono ni sehemu ya kupanga vilevile.

Sasa toa kila kitu kabatini, siku ya mapumziko, na ukitandaze. Kila kazi iulize inadai nini kwa hatua yake inayofuata, kwa kuwa dai la hatua ile ndilo linaloamua mahali, na kofia iliyokuwa ya mkono wiki iliyopita huenda leo ni ya maji. Chagua moja ya meza, moja ya macho, moja ya mazungumzo, moja ya maji. Ziandikie karatasi. Zinazobaki zina njia tatu tu: kungoja zamu ikiwa mwenyewe bado anazitaka, kupewa mtu atakayezimaliza, au kufumuliwa. Wengi huiogopa njia ya tatu kana kwamba ni kukiri kushindwa, lakini ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote. Fulana ya mtoto ambaye ameshavuka saizi haitamfaa hata ukiimaliza kesho. Ikifumuliwa, uzi wake ukaoshwa na kukunjwa upya, ni uzi safi wa kazi nyingine, sindano zimerudi kwenye kopo, na nafasi moja imefunguka. Foleni ya nyumbani hupungua kwa kumaliza au kwa kufuta, na mtu anayekubali kufuta kazi mbili leo ataziona nyingine mbili zikimalizika kabla ya Idi.